Moto Niliouwasha Ngulini

Jumamosi iliyopita tulimzika Koplo Ndambuki kwenye mteremko wa shamba lake la maparachichi, huko kwao Kilungu, na mimi nikapewa dakika tano za kueleza alikuwa mtu wa namna gani kazini. Nilisimama mbele ya watu nikasema alikuwa mkali, mchapakazi, mcha Mungu, na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuzima moto wa msitu. Watu wakaitikia Amina, nikarudisha maikrofoni. Baada ya chakula, mwanawe wa kwanza, Daudi, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alinivuta kando akaniuliza kwa heshima, "Mzee Musembi, kuna jambo baba hakuwahi kutueleza. Alikuwa koplo, mkuu wa kituo. Ilikuwaje akastaafu akiwa kibarua wa kufyeka nyasi huko Kitui?" Nikamjibu kwamba serikali ina mambo yake. Alinitazama kidogo, akanishukuru, akaenda kuwasindikiza wageni. Nimerudi Kalamba na jibu lile halijashuka kooni. Daudi ana haki ya kujua, na karatasi hizi nikizimaliza, yeye ndiye atakayezisoma kwanza.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, mwaka ambao mvua ilikataa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeandikwa kazi ya msitu miezi michache tu. Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima cha Ngulini, na mbali na stoo kilikuwa na majengo matatu: ofisi ya koplo, jiko, na chumba tulicholala sisi sita, kilichoshikana na jiko. Chumba hicho kilikuwa cha mabati kuanzia ukutani hadi paani, vitanda vitatu upande huu na vitatu upande ule, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita akiwa upande. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilipigiliwa misumari zamani kwa sababu ya chui, hivyo tuliambiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona chui huyo. Asubuhi palikuwa na baridi ya kukaza taya, na kufika saa sita huwezi kushika ukuta kwa mkono mtupu. Ukuta wa upande wa kichwa changu ulitutenganisha na jiko, na kwa kuwa mabati hayafichi siri, nilijua kila alichosema Mama Kavata, mpishi wetu, na kila alichoambiwa. Ndivyo nilivyojua kwamba magunia ya mahindi yanakwisha, kwamba mke wa katekista ameanza kuchemsha majani ya porini, na kwamba mimi, kwa maoni ya Mama Kavata, nilikuwa na macho ya mtu anayetafuta mlango.

Hakukosea. Kanuni ya Koplo Ndambuki ilikuwa kwamba kuanzia nyasi zinapokauka hadi tone la kwanza la mvua, hakuna mtu wa kushuka kilimani ila kwa kazi. "Moto haungoji mtu arudi kutoka kwa mkewe," alisema. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shingo nene, aliyewahi kuwa jeshini, na kola ya shati lake la kaki ilikuwa imepigwa pasi kana kwamba kuna rais anakuja kukagua misonobari. Kila alfajiri tulikimbia kupanda na kushuka kilima, kila mmoja na jembe au fyekeo begani, halafu tukafyeka njia ya moto, yaani ukanda wa ardhi tupu unaokata msitu ili moto ukifika ukose cha kula. Tulikwangua mpaka udongo mwekundu ukatoka. Jani moja likibaki, Koplo aliliokota, akaliinua, akauliza, "Hili ni la nani?" Nasi tukarudi kukwangua tena. Alitufundisha kupiga moto kwa matawi mabichi bila kuurusha, na kubeba bomba la maji mgongoni bila kulimwaga. Alitufundisha kwamba moto hupanda mlima mbio na kuushuka polepole, kwa hiyo mwenye akili hakai juu yake. Somo lake kuu lilikuwa moja: "Ukikosa njia, usikimbilie mahali pazuri. Ingia palipokwisha kuungua. Moto hauli mara mbili."

Somo nililolichukia kuliko yote lilikuwa la moshi. Nyuma ya ofisi palikuwa na stoo ya mawe ya kuwekea miche, haina dirisha. Koplo aliwasha nyasi mbichi ndani ya debe, akatuingiza sote sita, akafunga mlango kwa nje. "Chini!" alipiga kelele. "Hewa iko chini! Mdomo kwenye udongo!" Wenzangu walilala. Mimi niliukimbilia mlango, nikaupiga kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka, nikiita jina lake, nikimwita baba. Hakufungua mpaka nilipoanguka, na nilipoanguka nikakuta kweli, hewa ipo, nyembamba kama uzi, kwenye ufa wa sakafu. Alipofungua alinitazama mimi tu. "Musembi," akasema, "wewe ukibanwa unafanya haraka. Haraka yako siku moja itakuchoma." Kesho yake nikaingizwa tena, na keshokutwa, mpaka nikajifunza kulala. Lakini kulala chini siyo sawa na kutulia. Nililala nikihesabu mapigo ya moyo wangu, nikiuchukia mlango na aliyeufunga.

Mchana wa siku za Jumatano tulishuka kwenda kuwaonya watu kando ya msitu: wasichome mashamba, wasiache moto wa makaa, wanaorina asali wahakikishe wamezima mienge yao. Walitusikiliza wakiwa wamekunja mikono. Mbuzi wao walikuwa ngozi na mifupa, na nyasi pekee iliyobaki ilikuwa ndani ya msitu tunaoulinda. Mzee mmoja tu ndiye aliyetukaribisha kila mara. Aliitwa Nzioka, mtu mrefu, aliyepinda kidogo, mwenye mizinga saba ya nyuki kwenye miti ya mpakani. Alitupa maji ya kunywa kwa kibuyu, akasema, "Mimi mnanionya bure, wanangu. Nyuki wangu wanaogopa moto kuliko nyinyi." Tulicheka. Hata Koplo alicheka.

Kisha dereva wa lori la magogo akaniletea habari kutoka Kalamba: mke wangu Mbula amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nilikwenda ofisini nikiwa nimeshika kofia. Koplo alinipa mkono, akanipongeza, akasali kabisa, halafu akasema hapana. Nilirudi siku ya tatu, akasema hapana. Nilirudi juma la pili, akaweka kalamu chini. "Tumebakiza kuchoma ukanda wa mashariki," akasema. "Ukanda huo ukiisha, nitapumua, na wewe nitakupa siku tatu. Si kabla." Ukanda wenyewe ulikuwa nyasi zilizosimama katikati ya njia mbili tulizokwangua. Ilibidi tuzichome sisi wenyewe, kidogo kidogo, alfajiri kukiwa na umande, ili moto wa kweli ukija ukute majivu. Kuwasha kuliruhusiwa mpaka saa tatu tu. Baada ya hapo upepo hupanda kutoka nyanda za chini, na hakuna anayeweza kuuamuru. Kila siku tulichoma kipande kama cha uwanja wa mpira, tukazima, tukarudi kula ugali wa unga wa njano wa msaada, ambao Mama Kavata aliusonga huku akiuomba msamaha. Mimi nilikuwa nikihesabu vipande. Vilibaki vitatu.

Asubuhi moja Koplo aliitwa Mukuyuni kufuatilia mgao wetu wa chakula. Aliniacha mimi kuwa kiongozi. Nimejiuliza miaka yote kwa nini mimi, na sikupata jibu ila kwamba huenda alitaka kunionyesha kuwa ananiamini. Tulichoma kipande cha kwanza vizuri. Saa tatu ilipofika kilikuwa kimezimika, na wenzangu wakaanza kukusanya zana. Nikawaambia tuendelee. Mulwa, rafiki yangu aliyelala kitanda cha pili kutoka kwangu, akatazama juu ya miti. "Musembi, muda umepita."

"Hakuna upepo. Unauona wapi?"

"Utakuja."

"Ukija utakuta tumemaliza. Vipande viwili, Mulwa. Wewe hutaki kwenda nyumbani?"

Alitaka. Wote walitaka. Hakuna aliyenizuia tena. Ilikuwa saa nne na nusu nilipolichukua lile kopo la mafuta ya taa lenye utambi na kutembea nalo kando ya nyasi, nikidondosha moto kila hatua tano, moyo wangu ukiwa tayari Kalamba.

Upepo haukuja polepole. Ulikuja kama mtu aliyesukuma mlango. Ndimi zilizokuwa zimesimama wima zililala, zikavuka njia yetu ya udongo mwekundu kana kwamba hatukuwahi kuikwangua, zikashika msonobari wa kwanza upande wa pili. Tulikimbia na matawi, tukapiga, na kila tulipopiga hapa ukainuka pale. Kisha nikasikia mlio nyuma yetu na nikajua umetuzunguka. Mbele moto, nyuma moto, kulia bonde lenye vichaka vibichi, pazuri kwa macho, na mtu mmoja akaanza kukimbilia huko. Sijui sauti ilinitoka wapi. Nilipiga kelele, "Palipoungua! Ingieni palipoungua!" Tulirudi kupitia ukuta wa moto mwembamba, Mulwa akiwa ameshika bomba mbele, na tukaanguka kwenye majivu ya kile kipande cha asubuhi, midomo kwenye udongo. Tulilala hapo muda usiopimika. Majivu yaliunguza magoti. Niliisikia pumzi ya kila mmoja wetu, nikazihesabu, zikatimia sita, nikahesabu tena. Bonde lile la vichaka vibichi lilipokwisha kupitiwa, halikuwa na jani hata moja.

Moto ulikufa jioni ulipofika kwenye mwamba, baada ya kula ekari kumi na mbili za misonobari na mizinga yote saba ya Nzioka. Mikono ya Mulwa ilikuwa imeambuka ngozi kwa kushika bomba la chuma. Koplo alifika akitembea mbio, bila kofia. Alituangalia mmoja mmoja, akatugusa mabega, kisha akanigeukia. "Uliwasha saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, afande. Kipande kimoja tu. Tulikizima."

Wenzangu watano walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nilingoja mmoja wao aseme. Hakuna aliyesema. Mwaka ule mtu aliyefukuzwa kazi hakujua angekula wapi, na wao pia walikuwa wametembea na mimi kwenye ule ukanda. Koplo akashusha pumzi. Alituamini. Alipoukagua mpaka kesho yake, alikuta chini ya mti wenye mzinga mwenge wa nyasi ulioungua nusu, wa kufukizia nyuki, na watu wawili wakasema walimwona Nzioka akikimbia kutoka upande ule. Kwa mtu aliyeamini kwamba vijana wake walizima saa tatu, hakukuwa na jawabu jingine. Alimwandikia chifu barua kwa mwandiko wake safi, akatia sahihi, na sisi sita tukatia zetu chini yake. Mulwa hakuweza kushika kalamu. Aliweka alama kwa kidole gumba, kupitia bandeji.

Nzioka alifungiwa kwenye kituo cha chifu, mwendo wa saa moja kuteremka, angoje siku ya kupelekwa mahakamani. Hapakuwa na chakula cha mahabusu, maana hata askari wenyewe walikuwa wakila mara moja, na mkewe Nzioka alikuwa amelazwa hospitali ya misheni. Asubuhi iliyofuata nikiwa kitandani nilimsikia Mama Kavata upande wa pili wa bati akimwambia Koplo, "Mtu haichomi nyumba yake. Nzioka mizinga ile ndiyo ng'ombe zake."

"Ilimponyoka," Koplo akajibu. "Sikusema alikusudia. Sheria haiulizi kama ulikusudia."

"Basi huyu mtu atakula nini?"

Nikamsikia Koplo akisema, "Atakula tunachokula. Musembi ana miguu myepesi. Atampelekea."

Ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kushuka kilimani, kila siku, mimi niliyeiomba kwa majuma. Nilibeba isyo ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, mahindi mengi na maharagwe machache. Chumba alichofungiwa Nzioka kilikuwa na tundu dogo lenye nondo, chini kidogo ya paa, na ilinibidi nisimame juu ya jiwe ili nimpitishie chakula. Kila siku alikula polepole, akarudisha sufuria ikiwa imepanguswa, akasema, "Asante, mwanangu. Mwambie mpishi Mungu amwone." Kila siku niliapa nikipanda kilima kwamba kesho nitasema, na kila kesho nilisimama juu ya jiwe nikauliza mkewe anaendeleaje. Usingizi ulinikimbia. Chumba chetu kilibadilika tangu siku ile. Watu walivua viatu bila kuongea, na Mulwa aligeuza uso ukutani kila nilipoingia. Nilikuwa nimeokoka kwenye duara la moto, nikajikuta kwenye duara hili ambalo halikuwa na majivu ya kuingia. Mtu akiwa kijana hufikiri kufungwa ni mlango na kufuli. Mimi mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuendelea kushuka, nikapita kituo cha chifu, nikafika barabarani, nikaenda Kalamba. Sikuweza hata kuifikiria ile barabara.

Siku ya sita askari alinijulisha kwamba kesho wanampeleka mahakamani. Nilipanda juu ya jiwe, nikampa Nzioka sufuria, na kabla hajaifungua nikasema, "Mzee, moto ule niliuwasha mimi."

Alifungua kitambaa, akatia kijiko mdomoni, akatafuna. "Najua," akasema. "Nilikuwa mtini nikikagua mzinga. Nilikuona na kopo lako, na jua lilikuwa hapa." Aliinua mkono akaonyesha mahali pa jua, ndani ya chumba kisicho na jua. "Upepo ulipogeuka niliteremka bila kuangalia mwenge wangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia chifu siku ya kwanza. Akaniuliza, hawa ni watu sita wenye nguo za serikali, na mkubwa wao ametia sahihi. Wewe una nani?"

"Na siku zote hizi umekula chakula nilichokuletea."

"Nilikuwa na njaa," Nzioka akasema. Alikula kijiko kingine. Kisha akasogea karibu na tundu mpaka nikaona macho yake, ambayo hayakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Sasa umeniambia mimi. Mimi siye chifu."

Nilipanda kilima mbio. Koplo alikuwa ofisini akichonga mpini wa jembe. Nilimweleza nikiwa nimesimama wima, mikono ubavuni, kuanzia kipande cha pili mpaka saa niliyotaja kwa uongo. Hakunipiga, na nilitamani anipige. Aliweka mpini chini, akauliza jambo moja tu: "Wenzako walijua?"

Nikanyamaza.

"Basi," akasema. "Usiwataje."

Alivaa kofia yake. Tulishuka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikitazama ile shingo nene na kola iliyopigwa pasi. Kwa chifu sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Koplo alisema kwamba barua yake ilikuwa na makosa. Moto ule ulitokana na kazi ya kituo. Ukanda uliwashwa muda ukiwa umepita, chini ya mtu asiye na uzoefu, na aliyemweka mtu huyo ni yeye. Chifu alimwambia afikirie vizuri, maana sahihi yake ilikuwa imekwisha kumfungia mtu ndani. "Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu," Koplo akajibu. "Andika. Kosa ni langu." Niliposema "Lakini afande," alinigeukia kwa sauti ya ile stoo ya moshi: "Chini!" Nikanyamaza. Nimenyamaza hadi karatasi hizi.

Nzioka alitolewa jioni hiyo hiyo. Alitupita mlangoni, akampa Koplo mkono, akasimama mbele yangu kama anayetaka kunipa wangu, kisha akaendelea na safari yake ya hospitali. Hakutundika mzinga tena. Miaka iliyofuata nilimpelekea magogo yaliyochongwa kuwa mizinga, mazuri, ya mti anaoupenda nyuki. Aliyapokea, akayatumia kuwa viti.

Koplo Ndambuki alivuliwa cheo kabla mvua hazijaanza, akahamishiwa upande wa Kitui, kwenye vilima vikavu, kama kibarua wa kawaida chini ya kijana mdogo kwake. Asubuhi ya kuondoka alikuwa na sanduku moja la bati na Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Wenzangu walijipanga kumuaga. Aliponifikia nilimwambia nitaacha kazi, siwezi kubaki kwenye nafasi aliyoilipia yeye. Alinikazia macho. "Ukiacha, nimetupa cheo changu bure. Sasa unajua upepo. Kuna watu wangapi hapa wanaoujua? Kaa. Wafundishe." Hakuniwekea mkono begani, wala hakuniambia amenisamehe. Aliingia ndani ya lori, likashuka.

Mkuu mpya alinipa siku tatu bila hata kuniuliza sababu. Nilifika Kalamba nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, Mbula akaniwekea mtoto mapajani, na mtoto, ambaye alikuwa ameshaanza kujua sura za watu, akalia kwa kunikataa mpaka akarudishwa kwa mamake. "Ni siku tatu tu," Mbula akasema akimtuliza, "atakuzoea ya nne." Lakini siku ya nne sikuwepo. Nilikuwa nimeshapanda Ngulini, nikisimama mbele ya vijana wawili walioandikwa juma lile, nikiwafungia mlango wa stoo kwa nje na kuwaambia wapeleke midomo kwenye udongo. Nilisikia mmoja akiupiga mlango kwa ngumi, akiniita baba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikaa kwenye kilima kile miaka ishirini na sita mingine, na hakuna aliyenizuia kuondoka.